Habari Ikipanda, Haishuki

Mhadhara kwa watumishi wa umma, viongozi wa vijiji na wavuvi, Simbo, Kigoma

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mheshimiwa Diwani, watendaji wa kata na vijiji, waganga na wauguzi, walimu, maafisa ugani, wazee wangu mliopanda kutoka mialoni, na ninyi kina mama mliotoka shambani moja kwa moja bila kupitia nyumbani: asalamu alaikumu, Bwana Yesu asifiwe, na habari za mchana.

Mmejibu "nzuri", wote kwa pamoja, kama darasa. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu mtoto wake amelazwa, mihogo yake imeingiwa na batobato, lakini ukimuuliza habari za nyumbani atasema nzuri. Mpaka mkae, apewe maji ya kunywa, ndipo avute pumzi aseme: "Nzuri, ila…" Habari yenyewe imekaa nyuma ya hiyo "ila". Kwa wazee wetu huo haukuwa uongo. Ilikuwa adabu, kwa sababu anayeuliza na anayejibu wote wanajua kwamba "ila" iko njiani. Taabu huanza adabu hiyo inapoingia ofisini. Ripoti inaandikwa nzuri, inapigwa muhuri, inapanda wilayani, inapanda mkoani, inapanda Dodoma, na katika safari yote hiyo hakuna hata mmoja anayekaa nayo na kuipa maji mpaka iseme "ila".

Barua ya mwaliko ilitaja mada yangu kwa maneno mengi mazuri. Naomba radhi kwa mwandishi wake, nimeikata ikabaki swali moja: katika zahanati, shule, chama cha ushirika au kikundi cha kulinda mwalo, nani anatakiwa kujua nini, na akijue lini? Sitalijibu kwa nadharia kwanza. Nitalijibu kwa kisa cha wilaya yetu hii hii ya Kigoma Vijijini, kisa ambacho baadhi yenu mliomo humu mlikuwa na simu zenu ndani yake.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2006, dawa ya kwanza ya malaria katika vituo vya serikali ni ile tunayoiita mseto. Inakuja katika pakiti za aina nne kulingana na uzito wa mgonjwa: vidonge 6 kwa mtoto mdogo kabisa, 12, 18, na 24 kwa mtu mzima. Dawa hiyo, pamoja na nyingine, iliagizwa Bohari ya Dawa mara moja kwa robo mwaka. Mganga mfawidhi anahesabu, anajaza fomu, fomu inakwenda wilayani, wilaya inaipeleka Bohari, mzigo unarudi. Kwenye karatasi mpango huo hauna kasoro. Lakini tuseme pakiti za watoto wadogo zimeisha wiki ya tatu baada ya mzigo kufika, kwa sababu mvua imenyesha na mbu wamezaliana. Leja ya zahanati itajua siku hiyo hiyo. Wilaya itajua miezi miwili na zaidi baadaye, fomu ya robo ikipanda. Katika muda huo mama anabeba mtoto wa kilo kumi mgongoni, anatembea saa mbili, anafika na kuambiwa dawa ya mtoto hakuna. Muuguzi mwenye huruma anachukua pakiti ya mtu mzima, anaikata kwa mkasi, anatoa vidonge vya mtoto, na kesho mtu mzima naye atakosa. Jirani, zahanati nyingine imefungia rundo la pakiti za watoto kabatini, na mganga wake hana habari kwamba kuna mtu anazihitaji.

Hapo nataka tutulie kidogo. Habari ilikuwepo, na iliandikwa kwa mkono safi kwenye leja. Dawa nazo zilikuwepo, kabatini kwa jirani. Aliyekuwa na uwezo wa kusema "pikipiki iondoke sasa hivi, ichukue huku ipeleke kule" alikuwa mtu mmoja, mganga mkuu wa wilaya na timu yake, na huyo ndiye peke yake aliyekuwa hajui. Upungufu wa aina hii haumalizwi kwa kuandika zaidi.

Kati ya mwaka 2009 na 2010, Wizara ya Afya, kwa kushirikiana na ubia wa kimataifa wa Roll Back Malaria na kampuni za Novartis, Vodafone na IBM, ilijaribu jambo dogo katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Jaribio liliitwa SMS for Life. Lilihusu vituo vya afya 129 vinavyohudumia vijiji 226 na watu wapatao milioni 1.2, na lilidumu wiki 21. Kila wiki simu ya mtumishi wa zahanati, simu yake mwenyewe ya mfukoni, ilipokea ujumbe wa kumwomba ahesabu dawa. Alijibu bila kukatwa salio: idadi ya kila pakiti kati ya zile nne za mseto, na ya tano kwinini ya sindano. Namba tano, basi. Aliyesahau alikumbushwa. Namba hizo ziliingia kwenye kanzidata, na viongozi wa wilaya wakaweza kufungua tovuti na kuona kituo gani kina nini na kipi kimekauka.

Katika wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikosa angalau aina moja kati ya dawa hizo tano. Wiki ya 21, ilikuwa asilimia 26. Lindi Vijijini, kufikia wiki ya nane, upungufu ulikuwa umekwisha na karibu haukurudi tena. Akiba ya mseto katika wilaya zote tatu kwa jumla iliongezeka kwa asilimia 64. Watumishi walijibu kwa wastani wa mara 95 katika kila 100, na walipokaguliwa, hesabu zao zilikuwa sahihi kwa asilimia 94. Nasisitiza hiyo ya mwisho kwa sababu tumezoea kusikia kwamba mtumishi wa kijijini ni mvivu wa taarifa. Hajawahi kuwa mvivu. Alikuwa amechoka kuandika kitu kisichorudi.

Wengi wakisimulia kisa hiki husifu simu. Mimi siisifu simu. Simu zilikuwa mifukoni mwetu miaka kadhaa kabla, tukizitumia kuulizia bei ya mawese sokoni Mwanga. Ninachokisifu ni uchoyo wa mpango ule. Mtu mmoja alikaa akawaza: yule wa wilayani ana uamuzi gani mkononi? Kuhamisha dawa, au kuagiza nje ya zamu. Ili aamue hivyo anahitaji nini? Namba tano za kila kituo, kila wiki. Anahitaji pia idadi ya wagonjwa wa kuhara, jina la mwenyekiti wa kamati, hali ya paa la zahanati? Anaweza kuvitaka siku nyingine, kwa kazi nyingine, lakini si kwa uamuzi huu. Hivyo wakaviacha. Fikirini ugumu wa kuacha! Tangu vitabu vya takwimu za afya, vile vya MTUHA, vilipoanza katika miaka ya 1990, kila aliyekuja na mradi wake aliongeza safu, na sijawahi kusikia safu iliyofutwa kwa sherehe.

Baada ya jaribio, mpango ulianza kupelekwa nchi nzima mwaka 2011. Je, malaria ilikoma? Haikukoma, na hata mwisho wa jaribio ile asilimia 26 ilikuwa bado ipo. Kwa nini Lindi ilifika karibu na sifuri na wilaya nyingine zikabaki nyuma? Kwa upande wetu nina maoni yangu. Kigoma Vijijini ya wakati ule ilikuwa bado haijakatwa. Uvinza ilipata wilaya yake mwaka 2012. Kwa hiyo wilaya moja ilishika mwambao kuanzia Kagunga mpakani na Burundi mpaka Kalya kule kusini, na vijiji vingine havikufikika ila kwa boti. Unaweza kujua Alhamisi jioni kwamba Kagunga imekauka. Kujua kwenyewe hakuwashi injini. Habari haina miguu, na ofisi inayonunua kompyuta bila kutenga fedha za mafuta imenunua dirisha la kutazamia shida.

Ubaya mwingine ni huu. Namba zikishaanza kuonekana juu, mtu wa juu anaweza kuzitumia kumsaidia wa chini au kumchapia. Kituo kikionekana kimekauka, swali la kwanza linaweza kuwa "tukupelekee nini?" au linaweza kuwa "kwa nini uliacha dawa ziishe?" Uliza la pili mara mbili tu, na wiki ya tatu kila kituo kitakuwa "nzuri". Ile "ila" inarudi mafichoni.

Sasa nadharia kidogo, maana wahadhiri tukikosa nadharia hatulipwi nauli.

Mwaka 1931 mkutubi mmoja wa Madras, S. R. Ranganathan, aliweka kanuni tano za maktaba. Mojawapo inataka kila msomaji apate kitabu chake, na nyingine inataka muda wa msomaji uokolewe. Hii ya kuokoa muda ndiyo ninayoipenda, kwa sababu inamtazama msomaji kama mtu mwenye shughuli, mwenye sufuria jikoni, anayeweza kuondoka. Miaka 27 baadaye, mwaka 1958, mhandisi wa IBM aitwaye Hans Peter Luhn, Mjerumani aliyehamia Marekani, aliandika jinsi mashine ingeweza kufanya kazi hiyo ndani ya shirika kubwa. Alisema shirika lina vituo vya utendaji, yaani watu au idara zenye jambo la kufanya. Kila kituo kiwe na wasifu wake: kinashughulika na nini, kinataka kujua nini. Waraka mpya ukiingia, mashine iulinganishe na wasifu wote, na impelekee yule tu unayemhusu. Akiupokea na kuutaka, au akiukataa, wasifu wake urekebishwe kwa jibu hilo, ili mara nyingine apelekewe kilicho karibu zaidi. Mnayoyaona leo kwenye simu zenu, video zinazojua kwamba wewe ni wa Simba na yule ni wa Yanga, yana babu yake katika wazo hilo.

Nilipomsoma Luhn mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu niliikumbuka mashine yake. Ilikuwa inaishi nyumba ya nne kutoka kwetu, ina miwani iliyofungwa uzi, inaitwa balozi wa nyumba kumi.

Wenzangu wa umri wangu wanamkumbuka. Mfumo ule chama cha TANU kiliuanzisha katika miaka ya 1960. Barua ikija kijijini kwamba chanjo ya watoto ni Jumatano, balozi hakupiga mbiu nyumba zote kumi. Alikwenda nyumba ya tatu, ya saba na ya tisa, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na wachanga. Nyumba ya saba alimwambia bibi, siyo mama, kwa sababu alijua mama hutoka alfajiri kwenda kuanika dagaa na bibi ndiye anayebaki na mtoto. Nyumba ya tisa alirudi jioni kukumbusha, maana mwenye nyumba ile ni msahaulifu na wote tunajua sababu ya usahaulifu wake. Hakuwa na kanzidata. Alikuwa na miguu na kumbukumbu, na muda wa kukaa barazani. Aliujua wasifu wa kila nyumba, akaurekebisha kila mtu alipozaa, alipohama au alipofiwa.

Lakini tusimpambe. Balozi huyo huyo alikuwa jicho la chama. Aliyejua nani ana mtoto mchanga alijua pia nani amelaza mgeni asiye na barua, na katika mkoa wa mpakani kama huu hilo halikuwa jambo dogo. Anayetaka kukupa habari inayokufaa lazima akujue kwanza, na anayekujua anaweza kukutumia habari au kukuuza. Leo wasifu wetu umehama kutoka kichwani mwa jirani kwenda kwenye mashine ambazo hatujui ziko wapi. Kwa hiyo zahanati inayotaka kuwatumia wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ujumbe wa kuwakumbusha kliniki, nawasihi, ujumbe useme "kumbuka miadi yako", usiseme zaidi. Simu moja husomwa na watu watatu. Wilaya inayopenda kushona habari kwa kipimo cha mtu ijifunze pia kufunga mlango wa chumba cha fundi.

Nije ziwani, wavuvi wasidhani nimewasahau.

Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: sisi, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Sababu inajulikana kwa kila aliyeshika wavu wa makila: dagaa wamepungua, migebuka imepungua, na samaki wanahitaji muda wa kuzaliana. Sitaki kuzungumzia kama kufunga kulikuwa sawa. Hapa ninajali jinsi habari yenyewe inavyosafiri. Tangazo ni moja. Lakini mwenye kipe cha kuvulia dagaa anataka kujua lini atoe nyavu majini na kama taa zake zitaruhusiwa kubaki mwaloni. Mama mwanikaji anataka kujua wiki mbili kabla, ili asikopeshwe mzigo ambao hatapata wa kuufidia. Mweka hazina wa VICOBA anataka kujua mapema kuliko wote, kwa sababu marejesho ya mikopo ya Juni na Julai yametegemea dagaa ambao hawatavuliwa. Mwalimu mkuu anataka kujua ni watoto gani watakuja bila kula. Hapa Simbo, mkulima wa maharage anataka kujua pia, ingawa hana mtumbwi. Kitoweo kikikosekana ziwani, maharage yake yanapanda bei, na asiyejua atayauza Mei kwa bei ya Aprili kwa mchuuzi anayejua.

Ukiwasomea wote hao tangazo lile lile, kwa lugha ile ile ya "wananchi wote mnatangaziwa", kila mmoja atalazimika kuchota chake ndani ya pipa. Wenye elimu na nafasi watachota. Wengine wataondoka na tarehe tu. Ofisi ya uvuvi haiwezi kumwandikia kila mtu barua, najua, lakini ina kikundi cha kulinda mwalo, BMU, katika kila mwalo, na BMU inamjua mwenye kipe, mwanikaji na mchuuzi kwa majina. Tangazo moja likikatwa vipande vitano na vitano hivyo wakapewa watu watano wa kuvipeleka, gharama yake ni karatasi na asubuhi moja.

Halafu kuna saa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi, na lugha yake tumeizoea: upepo wa kilomita kadhaa kwa saa, mawimbi ya mita kadhaa. Mzee wa Katonga haendi ziwani na rula. Anataka neno moja kabla ya magharibi: leo toka, leo usitoke, au toka lakini usivuke kilindi. Anataka lije saa kumi alasiri, wakati anapanga taa na kuangalia mafuta. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ni njema kwa mimi niliye kwenye kochi. Yeye inamkuta majini, giza limeingia, taa zimewashwa, dagaa wanapanda kufuata mwanga. Siku hizi maonyo yanakuja kwenye simu pia, lakini simu ya mvuvi imefungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki chini ya benchi.

Mkoa huu una sifa ya barua zilizochelewa. Pale Ujiji, Novemba 1871 kwa hesabu ya Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta mmisionari Livingstone, mzee huyo alikabidhiwa mfuko wa barua ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Mwaka mzima ulikuwa njiani kutoka Unguja, na sehemu ya mwaka huo ulikuwa umekwama Unyanyembe. Stanley anasimulia kwamba mzee alisoma barua moja au mbili za watoto wake, nyingine akaziacha magotini, akaomba apewe kwanza habari za dunia. Aliambiwa kuhusu Mfereji wa Suez uliokuwa umefunguliwa miaka miwili kabla. Wanafunzi wakitembelea makumbusho ya pale Ujiji huambiwa kuhusu salamu maarufu iliyotolewa siku ile. Mimi ningewaambia kuhusu mfuko. Na ningewaambia kuhusu Sharif, aliyekuwa amekabidhiwa mali za Livingstone pale Ujiji. Kwa maelezo ya Livingstone mwenyewe, mtu huyo alipiga ramli, ikamwambia mzungu amekufa, akauza kila kitu. Livingstone alirudi kutoka Manyema amekonda, akakuta Sharif hajamwachia hata kipande cha kitambaa cha kununulia chakula. Pasipo na habari ya kweli, ramli hufanya kazi ya ofisi. Angalieni wilaya inavyogawa miche ya michikichi pasipo kumuuliza mkulima shamba lake likoje. Tangu Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati ule, alipoanza kulivalia njuga zao hili mwaka 2018, miche ya aina ya Tenera inazalishwa kwa wingi katika kituo cha utafiti cha Kihinga na kwingineko, na ni miche mizuri. Lakini mwenye ekari moja ya mihogo na mwenye ekari kumi za pori hawahitaji maelezo yale yale. Huyu wa kwanza swali lake ni atakula nini miaka mitatu mpaka mchikichi uzae.

Nilijiahidi kutosema uchungu wangu, lakini nitasema kidogo. Nikiwa kijana nilikuwa karani wa takwimu katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Mwezi mmoja niliona wagonjwa wa kuhara kutoka kijiji kimoja wameongezeka mara tatu. Niliandika namba hiyo kwa kalamu nyekundu, nikaizungushia duara, nikaongeza maelezo pembeni, nikapeleka mwenyewe kwa baiskeli. Nikangoja. Wiki ya saba jibu likaja, kwenye bahasha ya kaki, limetiwa saini. Nilifungua mikono ikitetemeka. Liliniarifu kwamba muhuri wa ripoti yangu haukuonekana vizuri na kwamba rangi nyekundu hairuhusiwi katika nyaraka za serikali.

Tangu siku ile nimekuwa nikipima ofisi kwa kipimo kimoja. Siulizi wanapokea ripoti ngapi. Nauliza: mwezi uliopita mlimrudishia nini yule aliyewapelekea? Muuguzi anayehesabu watoto wenye utapiamlo kila mwezi, je, kuna aliyewahi kumwambia kijiji chake kiko wapi ukikilinganisha na kijiji cha jirani? Mwalimu anayejaza mahudhurio, je, aliwahi kuoneshwa kwamba utoro wa shule yake unafuata msimu wa giza, wakati watoto wa kiume wanakwenda ziwani, na kwamba ratiba ya mitihani ingeweza kusogezwa hadi mwezi ukiwa mpevu?

Mtaniambia: mzee, hayo yamekwisha, sasa tuna makundi ya WhatsApp. Ninayo pia, matano. Nikiamka asubuhi nakuta ujumbe mia na ushee. Rambirambi, "amina" arobaini, harusi, video ya mchungaji, mwongozo wa kurasa 60 wa mafunzo, "amina" nyingine, na katikati yake mstari mmoja kwamba siku ya chanjo ya mwezi huu imesogezwa kutoka Jumatano kwenda Jumatatu. Mama anakuja Jumatano. Ukimuuliza mwenye ofisi atakuonesha simu: "Si hii hapa, nilituma." Ametuma, ni kweli. Neno hilo, nimetuma, limekuwa kinga ya watumishi kuliko hati ya kiapo. Zamani tulilia njaa ya habari na siku hizi tunavimbiwa nayo, lakini mama wa Jumatano amekosa chanjo kwa namna zote mbili.

Dawa yake siyo programu mpya. Ofisi ya kata inaweza kuanza Jumatatu kwa kugawa kundi moja kuwa matatu, moja la rambirambi na salamu, moja la maagizo ya kazi ambalo mtu mmoja tu anaruhusiwa kuandika, na moja la wale wanaohusika na chanjo peke yao. Na kwa wasio na simu janja, ambao katika vijiji vyetu bado ni wengi, pawe na mtu mwenye jina na miguu.

Mwenyekiti ananionesha saa. Nimeomba kwa mtendaji wa kijiji daftari, liko mezani pale mlangoni. Mkitoka, kila mmoja aandike habari moja tu aliyochelewa kuipata mwaka huu: ilikuwa habari gani, ilimfikia lini, angefanya nini kama ingefika mapema, na nani alikuwa nayo wakati huo. Msiandike majina yenu kama hamtaki. Asiyeandika amwambie mjukuu wake amwandikie. Daftari litabaki hapa Simbo, halipandi wilayani mpaka lisomwe kwanza na wenye kata, na baada ya mwezi mmoja nitarudi, siku ya mnada, tulisome kwa sauti. Kalamu zipo mbili. Ile ya bluu inaandika. Ile nyekundu nimeileta mimi.